Mawifi Wawili na Dawa ya Kikohozi

Kwa miaka ishirini na nane Bi Mizani alikaa nyuma ya dirisha la dawa katika hospitali kubwa ya mji wao, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumwona akitoa hata kidonge kimoja zaidi ya kilichoandikwa. Jina hilo walimpa wagonjwa, na si wote waliomwita hivyo kwa heshima. Aliyesahau cheti nyumbani alirudishwa kukifuata, awe ametoka karibu au mbali. Muuguzi aliyepenyeza mkono dirishani kuomba viwili vya kichwa aliambiwa foleni inaanzia kule nyuma. Bi Mizani aliingia hospitalini hapo akiwa mfagiaji, akajifunza majina ya dawa kwa kusoma makopo aliyokuwa akiyapangusa vumbi, akasoma masomo ya jioni mpaka akapata cheti cha utoaji dawa. Mtu aliyepanda ngazi kwa kung'ang'ania kipago kimoja kimoja hapendi kumwona mwenzake akirukishwa.

Aliwahi kuolewa. Mume alikuja na sanduku moja, na baada ya miaka mitatu akaondoka na masanduku mawili, la pili likiwa la Bi Mizani mwenyewe. Hakumtafuta mume wala sanduku. Aliyebaki naye ni mdogo wake wa kiume, ambaye alimlea tangu mama yao alipofariki, yeye akiwa na miaka kumi na tisa na mtoto ana tisa. Alimfulia, alimchapa, alimsomesha kadiri alivyoweza, na alipokua akamnunulia mashine yake ya kwanza ya kunyolea. Mdogo mtu akawa Kinyozi, na jina la kazi likalimeza lile alilopewa na mama.

Kisha Kinyozi akaoa mwalimu wa shule ya msingi. Siku alipoletwa kutambulishwa, bibi harusi mtarajiwa alikaa kitini, akanywa chai, akaisoma karatasi ya zamu iliyobandikwa ukutani na Bi Mizani, kisha akasema kwa upole kwamba kwenye neno la tatu kuna herufi imeachwa. Herufi kweli ilikuwa imeachwa. Kuanzia siku hiyo mawifi hao wakawa maji na mafuta. Walisalimiana kwenye misiba na harusi, wakapeana vikombe kwa mikono miwili, na kila mmoja akirudi kwake alikuwa na la kusema juu ya mwenzake. Miaka ikapita hivyo, na pengine ingepita yote hivyo, kama si ugonjwa.

Ulianza puani. Kinyozi aliacha kusikia harufu ya spiriti aliyokuwa akiwapaka wateja kichwani, akadhani wanaomuuzia wanaichanganya na maji, akagombana nao. Halafu mwandiko wake ukawa mdogo kama wadudu. Halafu mkono wa kulia ukaanza kutetemeka. Ajabu ya mkono ule ni kwamba ulitetemeka ukipumzika, lakini ukishika mashine unatulia. Kinyozi alijaribu kuwaeleza wateja hilo. Nani atakaa chini ya wembe kusikiliza maelezo? Walimwona ameegemea kiti akisubiri, vidole vikicheza peke yake kama vinahesabu fedha zisizoonekana, wakakumbuka wana shughuli mahali. Mzee mmoja aliyekuwa akinyolewa hapo tangu duka lilipofunguliwa alipita mbele ya mlango akiwa amevuta kofia hadi masikioni, na chini ya kofia kichwa kinang'aa, kimenyolewa kwingine. Kinyozi alipomwona alizima redio.

Hospitalini wakamwambia ni ugonjwa wa Parkinson. Kuna seli ndani ya ubongo zinazokufa polepole. Dawa zilizopo zinatuliza mtetemo na kulegeza viungo, ila haziwezi kuzuia seli zisife. Alikuwa na miaka arobaini na mitano.

Mwaka uliofuata daktari wa mishipa ya fahamu alianzisha utafiti. Aliwakusanya watoa dawa akawaeleza kwamba kutengeneza dawa mpya kabisa ni safari ya miaka mingi, na wagonjwa hawana miaka hiyo. Kwa hiyo watafiti wengine wanarudi kwenye rafu kuzitazama upya dawa za zamani, zinazojulikana tabia zake, kuona kama zina kazi nyingine iliyojificha. Hii ya kwao ilikuwa dawa ya kikohozi, ya kulainisha makohozi, ambayo kila mtu ameshainywa. Kulikuwa na dalili kwamba huenda inazisaidia seli za ubongo kuzoa taka zake. Huenda, Daktari alirudia mara mbili. Ili kujua, wangechukua wagonjwa mia mbili. Mia wangepewa dawa kwa kipimo kikubwa kuliko cha kikohozi, na mia wangepewa vidonge vinavyofanana na vya dawa kwa kila kitu ila ndani ni unga mtupu. Chupa zingekuwa na namba tu. Si mgonjwa, si mtoa dawa, si Daktari mwenyewe angejua nani anameza nini, mpaka miezi kumi na minane iishe.

Funguo za kabati la chupa alikabidhiwa Bi Mizani. Alipoona jina la mdogo wake kwenye orodha alikwenda mwenyewe kwa Daktari kulitaja jambo hilo, na ikaamuliwa chupa za Kinyozi zitolewe na mtoa dawa mwingine. Akaridhika. Kinyozi akapewa namba sitini na tatu.

Haikupita wiki mbili, Mwalimu akamwita wifi yake nyumbani. Alikuwa ameshasoma kila kitu kwenye simu, ameandika maelezo kwenye daftari la mistari na kupigia mstari mwekundu. Kinyozi alikuwepo, amekaa kwenye kochi, ameukalia mkono wa kulia ili utulie. Mwalimu hakuzunguka. Alisema dawa yenyewe inajulikana, iko kwenye kila duka, na hospitalini iko mpaka stoo. Sasa kwa nini mumewe acheze bahati nasibu ya kumeza unga mwaka mzima na nusu huku seli zinakufa? Bi Mizani aangalie namba sitini na tatu ni ya kundi gani. Ikiwa ni la unga, awape dawa kimyakimya, mambo yaishe.

Bi Mizani alijibu kwamba hata yeye hajui, na angejua asingesema.

"Una funguo, wifi," alisema Mwalimu.

"Funguo ni za kabati. Siri ya namba iko mbali huko, imefungwa."

"Basi toa ya stoo."

Bi Mizani akamweleza kama anavyowaeleza wa dirishani: wale wa unga wakila dawa kwa siri, mwishoni makundi mawili yatafanana, na dawa nzuri itaonekana haifai kitu. Mwalimu akamsikiliza hadi mwisho, akafunga daftari lake.

"Nyinyi mna wagonjwa mia mbili," alisema. "Mimi nina mume mmoja."

Kinyozi alikuwa akimtazama dada yake, na dada akamwelewa vizuri, kwa kuwa ndivyo alivyomtazama utotoni akitaka kitu na akiona haya kukiomba. Bi Mizani akaaga.

Kesho yake alikwenda stoo, akafika rafu ya tatu zilipopangwa paketi za dawa ile, akachukua moja akaitia mfukoni mwa koti jeupe. Alikaa nayo tangu saa nne hadi saa saba. Alihudumia watu huku inamgonga pajani. Saa saba akairudisha mahali pake, akanawa mikono, na kwa siku kadhaa akawa mkali kupita kawaida, hata watu wakasema leo Bi Mizani kalamba ndimu.

Mwezi wa nne wa utafiti ulipofika, Kinyozi alipimwa uzito kama wagonjwa wengine wa utafiti, ikaonekana amepungua kilo sita. Alisema tumbo linamsumbua, chakula hakina ladha. Vidonge vilivyobaki kwenye chupa vilihesabiwa na vikawa sawasawa. Wenzake waliandika na kuendelea, lakini Bi Mizani ugali wa hesabu hiyo haukushuka kooni. Jumamosi alikwenda kwa mdogo wake bila kuarifu kwamba anakuja. Mwalimu alikuwa uani anafua. Bi Mizani aliingia jikoni kunywa maji ya limau, akafungua pipa la taka kutupa ganda la limau, akakuta maganda ya vidonge yamekunjwa kwenye gazeti. Aliyahesabu hapo hapo, amesimama. Hakuna kikohozi duniani kinachohitaji vidonge vyote vile kwa wiki moja.

Mwalimu aliingia na mikono yenye povu, akamkuta ameyapanga mezani kama karata.

"Kwa hiyo sasa unapekua taka zangu."

"Tangu lini?" aliuliza Bi Mizani.

"Tangu uliponinyima."

Walisemezana kwa sauti za chini, kwa kuwa Kinyozi alikuwa amelala chumbani, na sauti za chini zilikuwa mbaya kuliko makelele. Bi Mizani alisema wifi yake anamuua mtu huku anajiita mkewe. Kama namba yake ni ya dawa, basi anameza mara mbili ya kipimo ambacho tayari ni kikubwa, na ndiyo maana amekonda. Mwalimu alisema mwenye kuua ni anayekaa juu ya dawa kama kuku juu ya mayai ya jiwe. Akamkumbusha mume aliyeondoka na masanduku mawili, akasema mtu akiishi kwa mizani hata mume humkimbia. Bi Mizani akamrudishia kwamba yeye alilea mtoto pasipo kuzaa, na Mwalimu, anayefundisha watoto wa watu wote, hakumzalia ndugu yake hata mmoja. Ulimi hauna mfupa, lakini huvunja mifupa. Mwalimu alifuta mikono kwenye kanga yake, polepole, kidole baada ya kidole.

"Ukienda kusema watamtoa," alisema hatimaye. Hiyo kwake ilikuwa kuomba, na mara ya kwanza kumwomba wifi yake chochote.

Bi Mizani aliyakusanya maganda akaondoka nayo.

Jumatatu alisema. Alidhani angalau huko ataambiwa amefanya vyema. Daktari alimsikiliza akiwa amesimama, kisha akauliza dawa zilitoka wapi. Duka la mtaani, alisema Bi Mizani. Una hakika? Swali hilo lilikuwa na meno. Stoo ikahesabiwa paketi kwa paketi kwa siku tatu, Bi Mizani akiwa amekalishwa nje kwenye benchi la wagonjwa, na wagonjwa wenyewe wakimtazama kwa furaha isiyofichika. Hakikupungua kitu. Hata hivyo funguo za kabati zilichukuliwa kwa miezi mitatu, na Daktari, ambaye sasa alikuwa na mgonjwa mmoja pungufu na rundo la karatasi za kujaza, alikuwa akipita dirishani kama anayepita kwenye ukuta.

Kinyozi alitolewa kwenye utafiti. Akaambiwa aache vidonge vya aina zote mbili, vya chupa na vya dukani, na baada ya muda chakula kikaanza kupita.

Bi Mizani alimfuata dukani kwake. Kulikuwa na kiti kimoja tu sasa, vingine vimeshauzwa, na Kinyozi amekikalia mwenyewe akijitazama kwenye kioo. Dada yake alianza kumweleza habari za makundi mawili na vipimo. Akamkatisha. Maneno yalikuwa yakimtoka taratibu siku hizo, kwa sauti ndogo isiyopanda wala kushuka, na uso hausogei, kwa hiyo mtu hakuweza kujua hasira yake ina ukubwa gani.

"Usimlaumu yule. Mimi ndiye niliyemtuma anunue."

Bi Mizani alitafuta pa kukaa, hapakuwepo.

"Nilijua ukijua utasema," Kinyozi aliendelea. "Nilipoiba sukari nikiwa na miaka kumi ulinipeleka kwa mwenye duka nikaombe radhi mbele ya watu. Hukunichapa nyumbani tukayamaliza. Ulinipeleka mbele ya watu. Dada, wewe ulinilea vizuri, lakini hujawahi kuwa upande wangu."

Akamwomba atoke, kwani huenda mteja angekuja. Hapakuwa na mteja. Bi Mizani alitoka.

Kuanzia hapo hawakusemezana. Alipiga simu, ikapokelewa na kukatwa. Alipeleka mfuko wa matunda, akaukuta kesho yake umetundikwa kwenye kitasa cha mlango wake mwenyewe, pamoja na karatasi yenye mwandiko wa kifundi wa Mwalimu: Hatukuagiza. Mtaani habari zikamwagika kwamba kuna mwanamke aliyemchoma ndugu yake wa damu ili asipoteze kazi, na waliosema hivyo walikuwa haohao waliorudishwa dirishani miaka nenda rudi. Usiku alilala vizuri, jambo ambalo lilimshangaza. Ni mchana uliomsumbua. Kuna wakati, akihesabu vidonge kwa kisu bapa, tano tano, alijiuliza kama alisema kwa ajili ya wale wagonjwa mia mbili au kwa ajili ya herufi ile moja iliyoachwa, na hakupata jibu la kumridhisha. Akarudia kuhesabu.

Miezi kumi na minane ikatimia, kisha mingine minane ya kufanya hesabu. Daktari aliwaita wagonjwa wote na ndugu zao kwenye ukumbi wa mihadhara, hata waliotolewa, kwa kuwa kila mmoja alikuwa na haki ya kujua. Kinyozi alikuja kwa fimbo, akitembea hatua fupifupi, Mwalimu pembeni yake. Bi Mizani alisimama nyuma kabisa karibu na mlango.

Daktari alisema matokeo hayakuwa waliyoyatarajia. Waliomeza dawa na waliomeza unga walikuwa wameendelea kuugua kwa mwendo unaokaribiana mno. Haimaanishi kwamba njia yenyewe ni mbaya, alisema. Dawa hii ya zamani huenda haifai, nyingine ya zamani huenda ikafaa, na kuna watafiti kwingine wanaendelea nayo hiyohiyo kwa namna tofauti. Mwanamke mmoja mbele alianza kukunja mkoba wake na kuukunjua. Kisha kila mgonjwa akapewa bahasha yenye namba yake.

Mwalimu aliifungua ya sitini na tatu pale pale. Akapita katikati ya viti, watu wakimpisha, hadi kwa wifi yake.

"Unga," alisema, akimshikisha karatasi. "Miezi minne mume wangu alikuwa anakula chaki. Mimi chaki naishika kila siku, ningemletea ya bure."

"Na dawa uliyomnunulia imemsaidia nini?" alisema Bi Mizani. "Umemsikia Daktari. Haifanyi kitu."

"Haifanyi kitu kwa sababu mlimwachisha."

"Au inafanya, na hatutajua. Unadhani ni nyumba yako tu iliyokuwa na maganda kwenye pipa? Kama nusu ya watu wa unga walifanya ulivyofanya wewe, makundi yatakosaje kufanana? Huenda ni nyinyi mlioiua dawa."

Hilo lilimpata Mwalimu mahali. Akasema, bila kupandisha sauti, kwamba akirudishwa nyuma leo hii angefanya vilevile. Bi Mizani akamwambia hata yeye. Walitazamana kama watu wanaogombea mpaka wa shamba. Kinyozi alikuwa amebaki kitini, ameugeuzia mlango mgongo. Hakugeuka.

Ikapita nusu mwaka. Hospitali ikatangaza utafiti mwingine, safari hii wa dawa ya zamani ya kisukari, kwa maradhi yaleyale. Funguo alipewa tena Bi Mizani, kwa kuwa hakukuwa na mwingine aliyetaka kazi ya kuhesabu hivyo. Waliotaka kujiandikisha walipanga foleni dirishani asubuhi, na katika foleni hiyo, mtu wa kumi na moja au wa kumi na mbili, alikuwa Mwalimu, na daftari lake la mistari kwapani. Hakujaribu kupita mbele. Alingoja saa moja na zaidi, amesimama.

Zamu yake ilipofika alisema mumewe ameamua mwenyewe kujaribu tena, hakushawishiwa, na Daktari amekubali kwa kuwa muda umeshapita tangu aache zile nyingine. Bi Mizani akavuta fomu. Aliijaza kwa maswali yaleyale anayowauliza wote, kwa sauti ileile. Umri. Ugonjwa uligundulika lini. Dawa nyingine anazotumia.

"Uhusiano wako na mgonjwa?"

"Mke," alisema Mwalimu. Kisha akainama kidogo kwenye tundu la dirisha. "Na wewe?"

Bi Mizani aliandika neno "mke" hadi mwisho kabla ya kuinua macho.

"Hapa mimi ni mtoa dawa."

Akamsomea masharti yote, kuanzia la kwanza hadi la kumi na nne, akisimama kila baada ya sharti ili Mwalimu aweke sahihi kama mwangalizi wa mgonjwa. Walio nyuma walianza kuguna. Kwenye sharti la tisa, linalokataza kununua dawa ya utafiti mahali pengine, Mwalimu alishika kalamu muda mrefu kuliko kwingine, akimtazama wifi yake machoni, na Bi Mizani akamtazama hivyohivyo, hakuna aliyepepesa. Kisha Mwalimu akasaini, akaisoma fomu nzima upya mwenyewe kutoka juu akitafuta kosa, hakuliona, akaisukuma ndani.

"Mwambie aje Alhamisi saa mbili," alisema Bi Mizani. "Asile kitu kabla."

"Atakuja," alisema Mwalimu, akaondoka bila kuaga. Bi Mizani akagonga mhuri, akamwita anayefuata.